Kutoka Ilembo Hadi Bujora, Nyumbani kwa Manju wa Kisukuma

Sisi wa Ilembo hatuhitaji kuambiwa Msukuma ni nani. Wafugaji na wakulima wa Kanda ya Ziwa wamehamia Katavi kwa miaka mingi, na ngoma zao zimekuja nao. Ukitaka kujua zinakotoka, nenda Bujora, karibu na Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma.

Treni inatoka Mpanda hadi Tabora kupitia Kaliua, kwenye reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba stesheni kabla ya kufunga mizigo. Mwenye haraka apande basi. Kutoka Tabora unashika njia ya Nzega na Shinyanga hadi Mwanza. Lala Mwanza, ukifika Bujora umechoka utaangalia vitu bila kuviona. Asubuhi panda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, mwendo wa kilomita 20 hivi, kisha chukua bodaboda.

Makumbusho haya yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers aliyekuwa Usukumani miaka ya 1950 na kuruhusu ngoma na nyimbo za Kisukuma ziingie kanisani. Jambo hilo halikuwa dogo zama zile. Ingia pia katika kanisa la hapo, lililojengwa kwa sura ya msonge.

Wageni wengi hukimbilia mikuki na viti vya watemi. Mimi nakusihi uanze na nyumba ya vyama vya ngoma, maana ndiyo roho ya mahali hapa. Muombe mwongozaji akusimulie habari za Ngika na Gumha, waganga na viongozi wa ngoma wa karne ya 19 waliopimana nguvu uwanjani. Kila mmoja alicheza na watu wake upande wake, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu, na ushindani huo haujafa. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga wimbo, huuongoza, na humjibu mpinzani wake kwa mafumbo. Dawa ya mvuto ilitafutwa pia, lakini bila sauti na maneno makali umati ungemhama. Hapa usiwe na haraka. Uliza maana ya nyimbo, si majina ya vitu tu.

Halafu nenda kwenye jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi, uzione ngoma za kitemi. Nyumba ya mganga na ya mhunzi utazimaliza upesi.

Ukiweza kuchagua wakati, chagua tamasha la ngoma la Bulabo, karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa kawaida mwezi Juni. Hapo utaona Bagika na Bagalu wakishindana kweli, ngoma ya bugobogobo ikichezwa kwa majembe, na chama cha Bayeye kikicheza na nyoka. Vumbi ni jingi na jua ni kali: beba maji, kofia na leso. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

Na kabla hujauliza lolote, salimia. Asubuhi sema "Mwangaluka", mchana "Mwadila". Kama hujui kuyatamka, jirani yako Msukuma hapo Ilembo atakufundisha kabla hujapanda treni.