DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Mafuta Mazuri na Ulimi wa Muuzaji



Ndugu zangu, kuhusu mafuta ya mimea yenye harufu kali watu huuliza mambo mawili: yanabatilisha saumu? Na je, ni kweli yanatibu kila kitu?

Tuchukue mafuta ya karafuu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ukaenea Unguja na Pemba karne ya 19. Kule Wawi, Pemba, makonyo yanayobaki baada ya kuchambua karafuu hupitishiwa mvuke wa moto. Mvuke unabeba mafuta; ukipoozwa unarudi kuwa maji, na mafuta yanajitenga yakazama chini, maana ni mazito kuliko maji. Elimu hii wazee wetu waliiandika zamani: al-Kindi wa Baghdad alitunga kitabu kuhusu manukato karne ya 9. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipenda manukato, akipewa hakatai. Basi ni neema.

Sasa saumu. Kujipaka ngozini au kusikia harufu hakubatilishi, ingawa kwa madhehebu yetu ya Shafii ni bora kuacha manukato mchana. Kujifukiza makusudi, ukavuta mvuke mpaka kooni, ngoja ufuturu. Tone la karafuu kwenye jino nalo lisubiri usiku, kwani ukilimeza saumu imekwenda.

La pili ndilo zito. Karafuu ina yujenoli, inayotia ganzi, ndiyo maana hata madaktari wa meno huitumia. Lakini ganzi si tiba. Jino lililotoboka linabaki limetoboka. Harufu ya lavenda yaweza kumtuliza mtu, ila haichukui nafasi ya dawa ya kisukari wala presha. Na jamani, msiwanyweshe watoto! Mafuta ya karafuu, hata kidogo, yanaweza kuharibu ini la mtoto.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa. Ametufundisha pia kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, madhara yakitokea dhamana ni yake. La kwanza tunalishika sana, maana linauza. La pili tunalisahau.

Wewe unayeuza vichupa nje baada ya tarawehe, biashara yako ni halali. Sema, "Yananukia vizuri, changanya na mafuta ya nazi kabla ya kupaka, usinywe." Ukisema "Yanaponya kisukari", na mtu akaacha insulini kwa neno lako, utajibu nini mbele ya Allah? Ulimi nao umefunga.

Amali ya leo: ukiwa na ujumbe wa "dawa ya kila ugonjwa" kwenye simu, usiusambaze. Na ukiwa na mgonjwa nyumbani, muulize leo kama ametumia dawa zake.

Ewe Mola, tupe riziki ya halali, ulimi wa kweli, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu a'lam.