Stesheni ya Nanyuki: Ilivyokufa, Ilivyofufuliwa, na Somo Letu



Hapa kwetu Turkana hakuna reli. Mtu wa Kainuk akitaka kuona reli, njia ya karibu ni kupanda gari apite Marich na Kapenguria mpaka Kitale. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 kwa ajili ya mahindi ya walowezi. Wakati huo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali.

Basi kwa nini tusome habari za stesheni? Kwa sababu stesheni ni mali ya watu wengi, kama kisima cha pampu, stoo ya kikundi au uwanja wa mnada wa mifugo. Mali ya namna hiyo ikifa, hufa kwa njia zile zile. Tutachukua mfano wa Nanyuki, mji mdogo chini ya Mlima Kenya.

1. Ilivyojengwa

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Ikasogea kidogo kidogo, ikapita Sagana na Karatina, hata ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Safari nzima ni kama kilomita 240.

Siku hizo injini ziliendeshwa kwa mvuke, kwa hiyo zilihitaji maji njiani. Stesheni haikuwa jengo la kukatia tikiti tu. Palikuwa na ghala la mizigo, ofisi ya stesheni masta na nyumba za wafanyakazi.

Tusisahau habari ya ardhi. Kati ya 1911 na 1913 Wamaasai waliondolewa Laikipia wakapelekwa kusini, na ardhi yao wakapewa walowezi. Reli ilikuja baadaye kubeba mazao ya hao walowezi. Kwa hiyo ukiona mradi mkubwa, uliza mambo mawili: umekaa juu ya ardhi ya nani, na unabeba mzigo wa nani?

2. Ilivyokufa

Stesheni haikufa siku moja. Kwanza ilikosa mzigo. Lori huchukua gunia pale pale shambani, lakini treni hungoja uliletee gunia stesheni. Watu wengi wakachagua lori.

Halafu pesa zikapungua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na reli yake. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, na reli ikapoteza mzigo mmoja mkubwa. Shirika likikosa pesa, njia ndogo kama ya Nanyuki ndizo husahauliwa kwanza.

Mwisho matunzo yakakosekana. Katika reli, kila gengi la vibarua lina kipande chake chini ya nyapara. Hukikagua kwa miguu, hukaza bolti, hufyeka majani, huzibua mitaro. Ni kazi ndogo isiyoonekana. Lakini gengi likiondoka, mtaro huziba. Mtaro ukiziba, maji hukaa chini ya mataruma, udongo hulegea na reli hupinda. Reli ikipinda, treni hwenda polepole, na wateja waliobaki nao hukimbilia lori. Basi pesa za matunzo huzidi kupungua.

Treni za Nanyuki zikakoma kwa miaka mingi. Majani yakafunika reli, na watu wakajenga vibanda kwenye ardhi yake.

3. Ilivyofufuliwa

Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya, pamoja na jeshi na vijana wa NYS, walianza kuifufua njia hiyo. Gharama iliyotajwa ilikuwa kama shilingi bilioni 1.8. Wenye vibanda kwenye ardhi ya reli waliambiwa wahame, na kwa wengi kibanda ndicho kilichokuwa kikilisha watoto.

Tazameni namna kazi hii inavyofanywa. Mafundi hawaanzi na rangi ya ukuta. Hufyeka kwanza, huzibua mitaro, hubadilisha mataruma yaliyooza, huongeza kokoto, hunyoosha reli. Jengo zuri la stesheni bila reli imara ni bure kabisa.

Treni za mizigo zikaanza kufika tena, na Desemba 2020 abiria wakarudi. Nauli kutoka Nairobi mpaka Nanyuki ilikuwa shilingi 200.

4. Sisi je?

Kwanza, nani ndiye gengi letu? Pampu ikifungwa, siku ya ufunguzi tunacheza na kuchinja mbuzi. Lakini nani anakaza bolti kila wiki? Mchagueni kwa jina, mpeni spana, na mweke akiba ya vipuri tangu mwezi wa kwanza. Shilingi kidogo kila mwezi ni rahisi kuliko harambee ya kununua pampu mpya.

Pili, mradi una mzigo? Stoo isiyo na gunia hata moja mwaka mzima itageuka nyumba ya popo. Kabla ya kujenga, hesabuni ni nani watakaoitumia na watalipa nini.

Tatu, mpaka wetu uko wapi? Jambo hili ni kubwa kuliko yote. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, umechora reli itakayopita Turkana kuelekea Sudan Kusini. Reli hiyo haijajengwa, lakini ramani ipo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Ikichukuliwa kwa mradi, fidia nayo inashikwa na kaunti mpaka jamii isajiliwe. Ili kusajiliwa, jamii huandika orodha ya watu wake, hufanya mkutano mkuu, na huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kisha ardhi hupimwa na kuchorwa.

Wamaasai wa Laikipia hawakuwa na sheria kama hii mkononi. Sisi tunayo. Tusingoje tingatinga lifike ndipo tuanze kuuliza mpaka.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja mradi mmoja hapa kwetu uliokufa. Ulikosa nini kwanza: mzigo, pesa au matunzo?
2. Nani anaangalia pampu au stoo yetu? Alikagua lini mara ya mwisho?
3. Ardhi ilipo miradi yetu, ni ya nani kwa maandishi?
4. Je, jamii yetu imesajili ardhi yake? Kama bado, nani ataenda ofisi ya ardhi Lodwar kuuliza, na atatuletea majibu siku gani?

Katibu aandike majibu kitabuni. Mkutano ujao yasomwe tena kabla ya jambo lingine lolote.