Siku Tatu Roma: Makaburi Kwanza, Makumbusho Baadaye

Katika parokia zetu za Tarime na Serengeti, safari ya kwenda Roma si jambo dogo. Mama wa WAWATA huweka akiba kwa miaka, na mzee huuza ng'ombe, na ng'ombe wa Mkurya hauzwi kwa mchezo. Ukishatoa gharama za viza, nauli na malazi, na ukishatoa siku za Misa na za kumwona Baba Mtakatifu, zinabaki siku tatu hivi za kuuona mji. Ndiyo maana swali la waamini wa Turwa ni la haki kabisa: tukapange foleni katika Makumbusho ya Vatikano kuona kazi za wachoraji wakuu, au twende mahali mambo yenyewe yalipotokea?

Jibu letu ni kwamba tuanze na mahali. Hatusemi hivyo kwa kudharau sanaa. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulitetea heshima ya picha takatifu, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliitengea sanaa takatifu sura nzima katika Konstitusio juu ya Liturujia. Lakini imani yetu haikuanza na picha, ilianza na tukio. Mwinjili Luka, anapotaka kutuambia ni lini Yohane alianza kuhubiri, anataja mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio, kisha anataja watawala na makuhani wakuu. Kila Dominika katika Kanuni ya Imani tunamtaja Pontio Pilato, liwali wa Kirumi ambaye hakuwa hata mwamini. Anatajwa kwa sababu Bwana aliteswa chini ya serikali inayojulikana, katika mji unaojulikana. Kwetu pia, mzee anayetaka kumthibitishia kijana kwamba ardhi ni ya ukoo humpeleka lilipo kaburi la babu.

Basi tuanze na kaburi la Petro. Mwanahistoria Eusebio ametuhifadhia maneno ya padri mmoja wa Roma aitwaye Gayo, aliyeandika karibu na mwaka 200, akisema kwamba kumbukumbu ya Petro iko Vatikano na ya Paulo iko kwenye njia ya Ostia. Katika miaka ya 1940 Papa Pio XII aliruhusu kuchimbua chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Wachimbaji wakakuta makaburi ya kipagani yaliyopangwa kama nyumba za mtaa, na chini kabisa ya altare kuu wakakuta mnara mdogo wa karne ya pili, palepale ambapo maneno ya Gayo yangemwelekeza mtu. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alitangaza kwamba mifupa iliyopatikana hapo imetambuliwa kwa namna ya kuridhisha kuwa ya Mtume. Kuhusu mifupa wataalamu wangali wanajadiliana. Kuhusu mahali, ushahidi ni mzito zaidi.

Hapa mseminari na katekista wajifunze kutofautisha. Si kila kituo cha hija kina uzito uleule. Liko kanisa dogo kwenye njia ya Apia panaposimuliwa kwamba Petro, akikimbia mateso, alikutana na Bwana akielekea mjini, naye akageuka kurudi. Masimulizi hayo yametoka katika Matendo ya Petro, kitabu kisichomo katika Biblia. Vivyo hivyo chemchemi tatu zinazosemwa zilibubujika kichwa cha Paulo kilipodunda mara tatu ni masimulizi ya baadaye. Twende, tusali, lakini mtu akituuliza tusimpe masimulizi kana kwamba ni hati ya shamba. Kwa Paulo tuna jambo imara zaidi: chini ya altare ya Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta kuna jeneza la mawe ambalo tangu mwaka 2006 mahujaji wanaweza kuliona upande mmoja. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alieleza kwamba vipande vya mifupa vilivyotolewa humo vilipimwa, vikaonekana ni vya mtu wa karne ya kwanza au ya pili.

Lipo jambo lingine linalotugusa sisi zaidi. Vijana wetu huambiwa vijiweni kwamba Ukristo ni dini ya Wazungu, iliyoletwa Mara na wamisionari wa Maryknoll mwaka 1946. Kijana wa namna hiyo ukimsimamisha saa nzima mbele ya picha zenye sura za Kizungu, huenda ukamthibitishia shaka yake. Mpeleke badala yake katika kanisa la Mtakatifu Agostino, karibu na uwanja wa Navona. Humo amelala Mtakatifu Monika, mama Mwafrika kutoka Tagaste, aliyefariki Ostia mwaka 387 baada ya kumlilia mwanawe miaka mingi. Masalia yake yalihamishiwa Roma mwaka 1430. Akina mama wengi wanaosali kwa ajili ya watoto waliopotea hawajui kwamba kaburi la mwenzao liko pale, na hakuna kiingilio.

Kisha mpeleke Basilika ya Bikira Maria Mkuu, ambako tangu Aprili 2025 watu humiminika kwenye kaburi la Papa Fransisko. Humo humo amezikwa Antonio Emanuele Ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo. Alianza safari mwaka 1604, akafika Roma akiwa mgonjwa hoi, Papa Paulo V akamtembelea kitandani, akafa Januari 1608. Sanamu ya kichwa chake imechongwa kwa jiwe jeusi. Ng'ambo ya mto Tiber, kanisa la Mtakatifu Fransisko a Ripa ndilo alilokabidhiwa Laurean Rugambwa wa kwetu, alipofanywa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi mwaka 1960. Na ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro kijana akumbushwe kwamba hapo ndipo mashahidi 22 wa Uganda walipotangazwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso ukiendelea.

Na sanaa je? Mtu akifuata njia hii atakutana nayo bila kuitafuta. Katika kanisa hilohilo la Monika kuna picha ya Caravaggio ya Bikira Maria akiwa mlangoni, na mbele yake mahujaji wawili maskini wamepiga magoti, nyayo zao zimechafuka kwa vumbi la njia. Kwa Rugambwa kuna sanamu ya Bernini. Katika makatakombe ya Prisila kuna michoro ya Mchungaji Mwema iliyochorwa na Wakristo wa kwanza juu ya makaburi ya ndugu zao. Kazi hizi zingali mahali zilipokusudiwa, nazo huzungumza vizuri zaidi hapo kuliko zikipangwa ukutani kwa namba. Makumbusho ya Vatikano, yaliyoanza na sanamu ya kale aliyoinunua Papa Julius II mwaka 1506, ni makubwa mno kwa mtu mwenye nusu siku. Wengi hupita mbio wakitafuta Kikanisa cha Sistina, na wakifika wamechoka hata kuinua shingo. Mwenye siku ya nne aende, kwa utulivu. Dominika ya mwisho ya mwezi huwa ni bure, ila foleni yake ni ya tangu alfajiri.

Atakayeshindwa kupata nauli ya Roma, Butiama haiko mbali: kaburi la Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere liko hapo, pamoja na makumbusho yake.

Kwa wanaojiandaa: nafasi za kushuka kwenye kaburi la Petro ni chache kila siku, na huombwa mapema kwa barua pepe katika ofisi ya machimbo ya Vatikano; watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Makanisa mengi madogo ya Roma hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, hivyo kwa Monika nendeni asubuhi.