Meru hadi Embu kwa Ndege: Umbali na Muda wa Safari

Wakazi wengi huijua safari ya Meru hadi Embu kwa barabara inayopitia Nkubu, Chogoria, Chuka na Runyenjes. Je, kwa ndege ni mbali kiasi gani?

Viwanja vinavyohusika

Uwanja wa ndege wa Isiolo, uliozinduliwa mwaka 2017, uko mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4, hivyo hutumiwa na ndege ndogo na za wastani. Upande wa kusini, Embu ina kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji.

Kupima umbali

Ikweta hupita katikati ya viwanja hivi viwili. Isiolo uko takriban dakika 20 za latitudo kaskazini, na Embu takriban dakika 34 kusini. Jumla ni dakika 54. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Kwa kuwa viwanja hivi viko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini:

54 × 1.852 = kilomita 100

Kwa barabara, safari hiyo huzidi kilomita 160, kwa sababu barabara huzunguka miteremko ya Mlima Kenya na kuvuka mabonde ya mito kama Nithi na Thuci.

Muda wa kuruka

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan husafiri karibu kilomita 300 kwa saa. Kilomita 100 huchukua dakika 20. Ukiongeza dakika 10 za kupaa na kutua, safari ni nusu saa.

Mlango hadi mlango

Muda wa angani si muda wote wa safari. Chukua mfano wa mgonjwa anayehamishwa kutoka mjini Meru hadi Embu:

- Meru mjini hadi uwanja wa Isiolo: saa moja
- Kupakia na kuruka: dakika 45
- Kiwanja cha Embu hadi hospitali: dakika 15

Jumla ni saa mbili. Ambulensi ikienda moja kwa moja kwa barabara huchukua kama saa mbili na nusu, na mgonjwa hahamishwi kutoka gari hadi ndege, kisha gari tena. Isitoshe, ndege ikitoka Wilson, Nairobi, huruka kilomita 200 hivi kabla ya kumfikia. Ikichelewa nusu saa tu, faida yote imekwisha.

Kwa safari fupi kama hii, basi, barabara haiachwi nyuma sana. Faida ya ndege huonekana safari inapokuwa ndefu, au barabara inapofungwa. Kabla ya kukodi ndege, jumlisha muda wote, kuanzia mlangoni unapotoka hadi mlangoni unapofika.