Oktani 85 na Milima ya Colorado: Mafunzo Niliyopata

Naishi Denver, mji ulio mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Pampu nyingi za petroli huku zina vitufe vitatu: 85, 87 na 91. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunabonyeza cha bei ya chini na kuendelea na safari. Ni miaka sasa naendesha kwenye milima hii, na mafundi nimewauliza maswali mpaka wamenizoea. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Namba za huku si za nyumbani. Nairobi na Dar es Salaam wanatumia kipimo cha RON. Marekani wanachukua RON na kipimo kingine kiitwacho MON, wanajumlisha na kugawa kwa mbili, kwa hiyo 87 ya huku inakaribia 91 ya RON. Mgeni asishtuke kuikosa 95.

2. Oktani haiongezi nguvu. Inaonyesha petroli inavumilia mgandamizo kiasi gani kabla ya kujilipukia yenyewe. Ikilipuka ovyo ndani ya silinda, pasipo kungoja moto wa plagi uifikie, injini inagonga. Utaisikia zaidi ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko huku gari liko gia kubwa. Ikiendelea hivyo kwa muda, pistoni zinaumia.

3. Hoja kwamba 85 inatosha mlimani ilikuwa na ukweli wake, enzi za kabureta. Kanieneo ya hewa Denver ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani. Silinda inavuta hewa pungufu, mgandamizo unashuka, na petroli ya oktani ndogo inapona. Magari ya leo yana kompyuta inayopanga muda wa cheche kulingana na hewa na mzigo, na inaisogeza injini karibu kabisa na ukingo wa kugonga ili isipoteze nguvu. Ukitia 85, kitambuzi kikinasa kugonga, kompyuta inachelewesha cheche. Wewe husikii kitu. Nguvu inapungua na mafuta yanaliwa zaidi, basi ile senti uliyookoa imerudi pampuni. Halafu fikiria hili: Nairobi iko karibu mita 1,800, juu kuliko Denver, na petroli ya super inayouzwa pale ni ileile ya Mombasa.

4. Turbo inafuta hoja yote. Kazi yake ni kusukuma hewa kwa nguvu, hivyo mgandamizo uliopotea kwa sababu ya mwinuko inaurudisha. Siku hizi hata magari madogo ya familia yanayo, na wenyewe wakati mwingine hawana habari.

5. Mwenye neno ni kifuniko cha tangi na kitabu cha gari. Kikisema 87, ni 87 Denver na ni 87 Miami. Tofautisha pia 91 “inayopendekezwa” na 91 ya lazima: ya kwanza unaweza kuikosa bila balaa, ya pili usiichezee. Na anayetia 91 kwenye gari linalotaka 87 anaichangia tu kampuni ya mafuta.

6. Tangi linashuka nawe. Ukijaza 85 Denver na kushika barabara ya I-70 kwenda Kansas wakati wa kiangazi, saa chache baadaye uko bondeni, hewa ni nzito na joto ni kali, huku tangini bado kuna petroli ya mlimani. Hata mwenye gari la zamani la kabureta atie 87 kabla ya kuondoka.

7. Gari kuchoka mlimani si ugonjwa wa oktani. Kwenye handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu, injini isiyo na turbo imepoteza takribani theluthi ya nguvu zake kwa sababu ya hewa, na 91 haitaleta hewa. Shusha gia, kaa kulia pamoja na malori, wenye haraka wapite. Wakati wa kushuka tumia gia hizohizo kulizuia gari. Kule kwenye mlima wa Pikes Peak, katikati ya mteremko, wahudumu hupima joto la breki, na zikiwa zimechemka wanakuweka pembeni mpaka zipoe.