Tupande Kuni Zetu: Somo la Mvinje



Hapa Makadara wengi wetu hatuna shamba, lakini kila siku twanunua makaa kwa mkebe. Mengi hutoka bara, kwenye miti ambayo hakuna aliyeipanda. Karibu nasi, mikoko ya hori ya Tudor imekatwa sana, na mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba. Basi moto wa jikoni unakula kitoweo chetu pia.

Dawa yake ni kupanda miti ya kukatwa. Mfano uko Bamburi. Kuanzia mwaka wa 1971, René Haller alijaribu aina 26 za miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Aina tatu tu zilipona, mojawapo mvinje. Mizizi yake husaidiwa na vijidudu kupata mbolea kutoka hewani. Majani yakianguka, jongoo huyasaga yakawa udongo. Palipokuwa mawe matupu pakawa msitu.

Kuni za mvinje ni ngumu na zina moto mkali. Huku pwani, baada ya miaka mitano hivi mnapata nguzo za kuuza, na matawi ni kuni. Lakini kisiki chake hakichipui vizuri: mkikata bila kupanda, mmemaliza. Kwa hiyo ligaweni shamba mafungu matano, mpande fungu moja kila mwaka. Mwaka wa sita mkate la kwanza na kulipanda tena. Hapo hewa chafu ya moto huvutwa tena na miti inayokua. Ila msifyeke msitu wa asili ili kupanda mvinje. Pandeni penye ardhi iliyochoka.

Jambo zito ni ardhi. Kikundi cha mjini hupanda kwenye shamba la jamaa, Kwale au Kilifi. Akina mama wanapalilia miaka mitano, halafu siku ya kukata mwenye shamba anasema miti ni yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya mche wa kwanza, andikeni mapatano, wote watie sahihi mbele ya mashahidi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Makaa yetu yatoka wapi?
2. Ni nani kati yetu ana jamaa mwenye shamba lililochoka?
3. Mwenye shamba apate fungu gani? Akifariki, je?