Kitenzi Kisichotendulika: Lugha ya Matibabu ya Shingo Inayozeeka

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vitenzi vinavyotumiwa kuelezea matibabu ya urembo ya shingo inayozeeka, hasa yale yasiyohitaji upasuaji. Tunashikilia kwamba matangazo ya matibabu haya huegemea vitenzi vya kutendua, ilhali kazi inayofanyika mwilini ni ya kulegeza, kuvunja na kuchochea. Mfasiri asiyetofautisha vitenzi hivi humpotosha msomaji hata pale ambapo sarufi yake haina kasoro.

1.0 Utangulizi

Miaka miwili iliyopita mwandishi wa makala haya alipewa kazi ya kufasiri kijikaratasi cha kliniki moja ya urembo jijini Nairobi. Malipo yalikuwa kwa ukurasa, na mwanafunzi wa uzamili anayedaiwa karo haikatai kazi ya namna hiyo. Kichwa cha Kiingereza kiliahidi kuinua shingo pasipo upasuaji. Nilikifasiri hivi: "Inua shingo yako bila kisu." Nilijipongeza, kwani sentensi ilikuwa fupi na yenye mapigo. Chini ya ukurasa palikuwa na aya ya maandishi madogo kuhusu madhara. Niliambiwa nafasi haitoshi, nami nikaiacha.

Nakala moja nilimpelekea shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ili ajivunie kazi ya mwanawe. Aliisoma kwa makini ya mtu aliyesahihisha insha kwa zaidi ya miaka 30, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii kuinua ni kuinua hadi lini?"

"Shangazi, ndivyo ilivyoandikwa," nilimjibu.

Miezi michache baadaye alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kuinua shingo. Kamba mbili zilizokuwa zikisimama shingoni zilitulia kwa miezi mitatu hivi, kisha zikarudi. Ngozi iliyoning'inia chini ya kidevu haikusogea. Aidha, kwa wiki mbili za mwanzo alimeza chakula kwa taabu, jambo ambalo hakuwa ameonywa kwa Kiswahili. Onyo lilikuwa katika ile aya niliyoiacha.

Tukio hili ndilo lililozaa makala haya. Swali letu ni hili: je, ni vitenzi gani vya Kiswahili vinavyosema kweli kuhusu matibabu haya?

2.0 Shingo katika Lugha

Shingo ni kiungo chenye shughuli nyingi katika Kiswahili. Anayekubali jambo bila kupenda hulikubali shingo upande. Asiyeshaurika huwa na shingo ngumu, au hushupaza shingo. Katika semi hizi shingo ndiyo inayoonyesha nia ya mtu. Hali kadhalika, wanaosifu umbo kuanzia kichwani kushuka hawairuki shingo.

Inafaa kukumbuka kwamba si kila mkunjo wa shingo umehesabiwa kuwa ila. Vinyago vya akuaba vya Waasante wa Ghana huchongwa vikiwa na pete shingoni, kwa kuwa mikunjo ya shingo ni alama ya uzuri na siha. Kwetu pia yupo anayesifiwa kwa shingo ya pingili. Kijikaratasi nilichokifasiri kiliiita mikunjo hiyo hiyo "tatizo". Kwa hiyo, kabla hata ya kufika kwenye kitenzi, nomino ilikuwa imekwisha kumhukumu msomaji.

Hata hivyo, si haki kumcheka anayetaka kuibadili shingo yake. Ngozi ya shingo ni nyembamba na ina tezi chache za mafuta ikilinganishwa na ya uso. Hupigwa na jua kila siku, na wengi wanaopaka uso krimu huishia kidevuni. Umri unaposonga, kolajeni na elastini, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko, hupungua. Msuli mpana na mwembamba uitwao platisma, unaotoka kifuani juu hadi kwenye taya, huanza kuonekana kama kamba zilizosimama wima. Mafuta nayo huweza kujikusanya chini ya kidevu. Mambo haya ni manne tofauti: mikunjo ya ngozi, kamba za msuli, mafuta, na ngozi iliyozidi. Neno "shingo iliyozeeka" huyafunika yote manne, na hapo ndipo upotoshaji unapopata mlango.

3.0 Kauli ya Kutendua na Mipaka Yake

Wanafunzi wa mofolojia wanaifahamu vyema kauli ya kutendua. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunakunja na kukunjua. Kiambishi kinapochopekwa, tendo lililokwisha kufanyika hurudishwa nyuma. Hata uso uliokunjwa kwa hasira hukunjuliwa kwa neno jema, tena bila malipo.

Kitenzi -zeeka hakimo katika kundi hili. Kimetokana na kivumishi -zee, nacho hunyambulika kwa urahisi kuelekea mbele: mashaka humzeesha mtu, watu huzeeka, nguo huzeeshwa na jua. Lakini hakuna *-zeekua wala *-zeeua. Hata -fa lugha imekipatia kinyume chake, -fufua, ijapokuwa kazi hiyo tumemwachia Mwenyezi Mungu. Uzee haukupewa kitenzi cha kuutendua. Wahenga nao walilisema jambo hilo kwa njia ya methali: ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Matangazo ya urembo hulizunguka pengo hili kwa kuazima vitenzi kutoka kwingine: kufuta makunyanzi, kuondoa mikunjo, kukunjua shingo, kurudisha ujana. Vitenzi hivi vyote vina maana ya kutendua, hata vile visivyo na kiambishi chake. Msomaji anayeelewa Kiswahili anaelewa kwamba kilichofutwa kimekwisha na kilichoondolewa hakipo tena. Haambiwi muda wala mipaka.

4.0 Vitenzi Vitatu vya Kweli

4.1 -legeza

Sindano inayotumiwa zaidi ni ya botulinamu, sumu inayotolewa na bakteria na ambayo husafishwa na kupimwa kwa viwango vidogo mno. Inapodungwa katika msuli, huzuia neva kutoa kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Marekani iliiidhinisha kama dawa mwaka wa 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Mwaka wa 2002 iliidhinishwa kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi, na mwaka wa 2024 kwa kamba za platisma shingoni. Matokeo yake hudumu kwa muda wa miezi mitatu hadi minne hivi.

Kitenzi chake cha kweli ni -legeza, katika kauli ya kutendesha. Ajabu ni kwamba matangazo husema sindano hii "hukaza" shingo, yaani kinyume kabisa cha kinachotendeka. Chanzo cha mkanganyiko huu ni kiisimu. Tunasema ngozi imelegea, na hilo ndilo lalamiko. Kisha tiba yenyewe inalegeza. Mzizi mmoja unataja ugonjwa na dawa, hivyo mwandishi wa tangazo anaukimbia. Suluhisho ni kutaja yambwa: kinacholegezwa ni msuli, si ngozi. Kamba za msuli zitatulia, bali ngozi iliyozidi itabaki kama ilivyokuwa. Hiki ndicho kisa cha shangazi yangu kwa ukamilifu.

Kitenzi hiki kikitumiwa, onyo nalo hueleweka. Misuli ya kumezea iko jirani. Dawa ikienea kupita mahali ilipokusudiwa, nayo hulegea, na mgonjwa akapata shida ya kumeza, pengine hata ya kupumua. Msomaji aliyeambiwa "hukaza" hana njia ya kulitambua hatari hili, wala ya kujua kwamba apatapo shida hiyo anapaswa kumwona daktari mara moja.

4.2 -vunja

Kwa mafuta yaliyo chini ya kidevu ipo sindano ya asidi ya deoksikoliki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2015. Asidi hii inapatikana pia katika nyongo yetu, ambamo husaidia kusaga mafuta ya chakula. Ikidungwa, hupasua utando wa chembe za mafuta, na mwili ukayaondoa mabaki hayo polepole. Huhitaji vipindi kadhaa, visivyozidi sita, vinavyoachana kwa mwezi mmoja au zaidi.

Tafsiri iliyoenea ni "kuyeyusha mafuta", nayo humfanya msomaji afikirie samli juani. Uvunjaji wa chembe ni jambo zito zaidi: huleta uvimbe, maumivu na ganzi. Neva iliyo karibu na taya ikidhurika, tabasamu huenda upande kwa muda. Isitoshe, mafuta yakitoka chini ya ngozi iliyokwisha kulegea, ngozi hiyo inaweza kuonekana imelegea zaidi. Kwa hivyo -vunja au -pasua ni afadhali kuliko -yeyusha, ijapokuwa havipendezi sikioni.

4.3 -chochea

Kundi la tatu hutumia joto. Mawimbi ya sauti yasiyosikika hukusanywa katika vitone vidogo chini ya ngozi na kuvipasha joto la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Kolajeni iliyopo hujikunyata, na mwili huchochewa kutengeneza nyingine katika miezi inayofuata. Mashine ya namna hii iliruhusiwa Marekani kwa nyusi mwaka wa 2009, na kwa shingo mwaka wa 2012. Mawimbi ya redio na baadhi ya miale ya leza hufuata kanuni iyo hiyo: kujeruhi kidogo ili mwili ujitengeneze.

Hapa kitenzi kinahitaji vishazi viwili, kwa kuwa watendaji ni wawili. Mashine huchochea, mwili hutengeneza. Mwili wa mtu wa miaka 65 hautengenezi kolajeni kama wa mtu wa miaka 40, na ngozi iliyoning'inia sana haiwezi kukazwa kwa njia hii. Kadhalika, shingo hupona polepole kuliko uso baada ya leza kali, na huweza kubaki na makovu. Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada: joto na leza isiyochaguliwa vizuri huweza kuacha madoa meusi. Kijikaratasi kinachosambazwa Nairobi hakina udhuru wa kulinyamazia jambo hilo.

5.0 Kitenzi Kinachotangulia Vyote

Kipo kitenzi cha nne ambacho matangazo hukitaja kwa uchache, labda kwa sababu hakina faida kubwa: -kinga. Krimu ya kukinga jua ikipakwa hadi shingoni kila siku hupunguza uharibifu ambao tiba zote tulizozitaja hujaribu kuurekebisha. Krimu za retinoidi nazo, zikitumiwa kwa ushauri wa daktari, huimarisha ngozi taratibu kwa miezi mingi, ingawa huweza kuiwasha ngozi nyembamba ya shingo na hazifai kwa mama mjamzito. Kinga si kutendua. Ni kuchelewesha, na kuchelewesha ni ahadi ambayo lugha inaweza kuitimiza.

6.0 Funzo kwa Mfasiri

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza maswali manne ambayo mfasiri wa matini za tiba ya urembo ajiulize kabla ya kuchagua kitenzi:

(i) Ni nini hasa kinachotendwa: ngozi, msuli au mafuta? Yambwa isidondoshwe.

(ii) Tendo ni la kutendua au la kutendesha? Kauli zisibadilishwe kwa ajili ya mvuto.

(iii) Tendo hudumu kwa muda gani? Kiambishi hu- cha mazoea hakitoshi; muda utajwe kwa tarakimu.

(iv) Onyo liko wapi? Likikosa nafasi, mapambo ndiyo yapunguzwe.

Kwa kufuata maswali haya, kichwa nilichokiandika kingesomeka hivi: "Sindano hii hulegeza msuli wa shingo kwa miezi mitatu hadi minne. Haiondoi ngozi iliyozidi. Inaweza kufanya kumeza kuwe kugumu." Sentensi hizi hazina mapigo. Lakini mtu anayezisoma anaweza kupiga hesabu ya fedha zake na ya mwili wake.

Huenda baadhi ya wasomaji wakadai kwamba mfasiri si daktari, na kwamba wajibu wake ni kwa matini aliyopewa. Hoja hii ina uzito, nami niliwahi kuitegemea. Hata hivyo, mteja wa kliniki ile hakuisoma matini ya Kiingereza. Alisoma yangu. Kwake yeye, maneno niliyoyachagua ndiyo yaliyokuwa tiba yenyewe hadi alipofika kwenye kiti cha daktari.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuelezea matibabu haya. Vitenzi -legeza, -vunja, -chochea na -kinga ni vya kila siku, na mwanafunzi wa darasa la tano anavielewa. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuvitumia pale ambapo -ondoa na -rudisha vingeuza zaidi. Vyama vyetu vya Kiswahili vingefanya jambo la maana kwa kukaa na madaktari wa ngozi na wafamasia, tukaandaa orodha ya istilahi za fani hii inayokua kwa kasi.

Shangazi hakunilaumu. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinirudishia kile kijikaratasi. Alikuwa amekisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama alivyozoea. Juu ya neno "Inua" alikuwa ameandika kwa hati yake ya ubaoni: "Kitenzi hiki si chake. Rudia."

Makala haya ndiyo marudio.